Mlango Mwembamba wa Tanga: Meli Kubwa na Maji Haba katika Pwani ya Kaskazini

Ghuba ya Tanga ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kati ya Raskazone upande wa kusini na rasi ya Chongoleani upande wa kaskazini, na ndani yake humwagika maji ya mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki, pamoja na ya mto Mkulumuzi, unaopita jirani na mapango ya Amboni. Anayeitazama ghuba hiyo wakati bahari imejaa huona uwanja mpana wa maji ambao ungeweza kuchukua msafara mzima wa meli, lakini maji yanapokupwa, mafungu ya mchanga, matope na miamba hujitokeza kando kando, na ndipo inapodhihirika kwamba sehemu inayofaa kwa meli kubwa ni ukanda mmoja tu uliopinda kutoka bahari kuu hadi gatini. Ukanda huo ni mto uliofichwa ndani ya bahari, wenye kingo zake na makunjo yake, ila kingo zenyewe zimezama na hakuna jicho la mgeni linaloweza kuziona. Safari inayoelezwa hapa inaifuata pwani hiyo kutoka Raskazone hadi Pangani, kisha inarudi kaskazini mpaka Manza na Chongoleani, kwa lengo la kuchunguza namna meli kubwa zinavyopita, na zilivyopata kupita au kushindwa kupita, katika maji membamba ya aina hiyo.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye mwinuko wa Raskazone, karibu na hospitali ya Bombo, ambayo jengo lake la kale la Wajerumani limesimama juu ya jabali likiielekea bahari. Kutoka hapo msafiri huiona meli ikitokea kwenye mlango wa Pemba, yaani bahari yenye kina kikubwa inayokitenga kisiwa cha Pemba na bara, ikikaribia upande wa kisiwa cha Ulenge chenye mnara wa taa uliojengwa zama za Wajerumani, na kupunguza mwendo wake hatua kwa hatua. Akiteremka hadi bustani ya Jamhuri, iliyo mjini mbele ya bandari, ataiona meli hiyo hiyo ikiwa imekaribia mno, ikipita mbele ya kisiwa cha Toten, ambacho ndani ya vichaka vyake yamo magofu ya misikiti na makaburi ya wakazi wa kale wa Tanga. Kwa dakika kadhaa ubavu wa meli huwa mrefu kuliko kisiwa kinavyoonekana, na mtu asiyejua kina cha maji hudhani kwamba nahodha ameamua kuipandisha nchi kavu.

Ili kuelewa kinachotendeka hapo ni lazima kufafanua vipimo viwili. Cha kwanza ni kina cha uzamaji, yaani urefu wa sehemu ya meli iliyo chini ya maji, kuanzia usawa wa bahari hadi kwenye mkuku, ambao ni uti wa chini kabisa wa chombo; kina hiki hubadilika kulingana na uzito wa shehena, kwa hiyo meli moja inaweza kuingia bandarini kwa shida ikiwa imejaa na kutoka kwa wepesi ikiwa tupu. Cha pili ni kina cha njia yenyewe, ambacho katika ramani za baharini huandikwa kwa kuhesabiwa kutoka kiwango cha chini cha maji kupwa, ili baharia asipate kudanganywa na maji yaliyojaa. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili, pamoja na nyongeza inayoletwa na maji kujaa, ndiyo nafasi inayobaki kati ya mkuku na sakafu ya bahari, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua kama meli itaingia sasa, itasubiri saa sita, au itakaa nje hadi mwezi ubadilike.

Mwezi unatajwa hapa kwa maana yake halisi. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu. Mvuvi wa Sahare au wa Kigombe huyahesabu mambo haya kwa tarehe za mwezi bila kufungua kitabu, na ofisi ya bandari huyasoma katika majedwali yaliyochapishwa, lakini maarifa ni yale yale na hitimisho ni lile lile: chombo kizito huingia maji yakiwa yanajaa, kwa sababu kikigusa chini wakati huo bahari itakiinua, ilhali chombo kinachogusa chini maji yakiwa yanakupwa kitabaki pale pale kikilemewa na uzito wake.

Kazi ya kuipitisha meli katika njia hiyo ni ya rubani wa bandari, baharia aliyebobea katika mahali pamoja, ambaye huifuata meli nje kwa boti na kuipanda kwa ngazi ya kamba iliyoteremshwa ubavuni huku vyombo vyote viwili vikiwa katika mwendo. Nahodha huendelea kubeba dhamana ya chombo chake, lakini maneno yanayoiongoza meli, pembe ya usukani na nguvu ya injini, hutoka kwa rubani, kwa kuwa nahodha aliyevuka bahari nzima hana njia ya kujua mahali mchanga ulipojikusanya baada ya mvua za masika. Mbele yao yamepangwa maboya, yaani alama zinazoelea zilizofungwa chini kwa minyororo, ambayo kwa utaratibu unaofuatwa katika bandari za Afrika Mashariki huwa mekundu kushoto na ya kijani kulia kwa meli inayoingia. Kando yake husogea tagi, vyombo vifupi vyenye injini za nguvu nyingi, ambavyo kazi yake ni kuisukuma na kuivuta meli mahali ambapo usukani wake hauna tena mamlaka.

Sababu ya usukani kupoteza mamlaka inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kazi. Usukani hufanya kazi kwa kuzuia maji yanayopita nyuma ya meli, kwa hiyo meli inayokwenda polepole sana haiutii. Rubani angependa mwendo, lakini mwendo nao una adhabu yake. Meli ikienda kasi kwenye maji haba, maji yaliyo kati ya mkuku na sakafu hulazimika kupenya kwa haraka zaidi kwenye nafasi ndogo, shinikizo lake hupungua, na chombo huvutwa chini, kikaongeza kina chake cha uzamaji bila kuongezewa hata gunia moja la shehena. Jambo kama hilo hutokea pia ubavuni. Meli ikisogea karibu mno na ukingo mmoja wa njia, maji ya upande ule huenda mbio zaidi kuliko ya upande wa pili, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, huvutwa kuelekea ukingoni, na omo, ambayo ni sehemu ya mbele, husukumwa kuelekea upande wa pili. Rubani anayeona omo ikikimbilia kushoto bila kuamriwa hujua kwamba ukingo wa kulia u karibu, ingawa juu ya maji hakuna alama yoyote.

Dunia nzima iliyashuhudia mambo hayo mwezi Machi 2021, pale meli ya makontena iitwayo Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na upana wa mita 59, ilipopoteza mwelekeo katika mfereji wa Suez wakati wa upepo mkali na vumbi, ikachomeka omo yake katika ukingo mmoja na tezi yake katika ukingo wa pili, na kuifunga njia yenye urefu wa kilomita 193 kuanzia tarehe 23 hadi tarehe 29. Mashine za kuchimba ziliondoa mchanga na tagi zikavuta, lakini kilichokamilisha kazi ni bamvua la mwezi mpevu, lililoinua maji kiasi cha kutosha kuitoa meli mahali iliponasa. Kwa watu wa pwani habari hiyo haikuwa na la kushangaza, isipokuwa ukubwa wa chombo.

Tanga ina kipimo chake chenyewe. Kwa muda mrefu kina cha maji kwenye gati lake la zamani kilikuwa takriban mita 3 tu, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga umbali wa kilomita 1.7 kutoka nchi kavu, na shehena ikateremshwa kwanza katika matishari, yaani vyombo bapa visivyo na injini, ambavyo vilivutwa na tagi hadi gatini na kuteremshwa mara ya pili. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi TPA, ilianza mwaka 2019 mradi wa awamu mbili uliotekelezwa na kampuni ya China Harbour Engineering kwa gharama ya shilingi bilioni 429.1: katika awamu ya kwanza ulichimbwa mkondo wa kuingilia na duara la kugeuzia meli hadi kina cha mita 13, mkondo ukiwa na upana wa mita 73, na katika awamu ya pili yakajengwa magati mawili yenye urefu wa mita 450 kwa jumla. Uwezo wa bandari unatajwa kupanda kutoka tani 750,000 hadi tani milioni 3 kwa mwaka.

Mita 73 ni namba ya kutafakari. Meli ya kawaida ya mbolea au ya klinka, yenye urefu wa mita 200 na upana wa mita 32, ikisimama katikati kabisa ya mkondo huo huachiwa mita 20 na nusu kila upande. Lakini meli haiendi ikiwa imenyooka daima, kwa maana upepo wa kusi ukiupiga ubavu wake, rubani hulazimika kuielekeza omo upande unakotoka upepo ili chombo kisisukumwe nje ya njia, na hivyo meli husonga mbele ikiwa imelala mshazari. Mshazari wa digrii 5 tu huifanya meli hiyo kuchukua karibu mita 49 za upana wa njia, na nafasi iliyobaki hushuka hadi mita 12 hivi kila upande. Hapo hakuna nafasi ya meli mbili kupishana, wala ya mashua ya mvuvi kukatiza mbele kwa kubahatisha, na meli yenye uzito wa makumi ya maelfu ya tani haisimami kwa sababu mtu ameipungia mkono.

Uchimbaji huo umebadilisha maisha ya kazi bandarini kwa namna ambayo takwimu za tani hazionyeshi. Katika zama za matishari palikuwa na ufundi mzima wa kupakua shehena juu ya maji: makuli, yaani wapakuzi wa mizigo, walipanda melini alfajiri, wapiga winchi walipima mteremko wa kombeo la magunia kwa kufuata kupanda na kushuka kwa mawimbi, na serahangi, msimamizi wa genge la wapakuzi, alijua saa ambayo tishari lililojaa lingepata maji ya kutosha kufika gatini. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari na ya gharama, na hakuna sababu ya kuitamani irudi. Mfanyabiashara wa Arusha au wa Moshi aliyelipia mzigo mmoja kuteremshwa mara mbili ana haki ya kufurahi. Hata hivyo, elimu iliyokuwamo katika vichwa vya watu wale, ya kujua tabia ya maji ya ghuba hii katika kila mwezi na kila upepo, ni sehemu ya mali ya bandari sawa na gati lenyewe, na ingefaa iandikwe na kufundishwa katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam kabla waliokuwa nayo hawajaondoka.

Thamani ya elimu hiyo ilionekana kwa damu mwezi Novemba 1914. Waingereza walipoleta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kuja kuiteka Tanga, manowari HMS Fox ilitangulia kuingia asubuhi ya tarehe 2, na nahodha wake, Caulfeild, akauliza kama bandari ilikuwa imetegwa mabomu ya majini. Akaaminishwa kwamba imetegwa. Badala ya kuleta meli za askari moja kwa moja hadi mbele ya mji, aliamuru njia ifagiliwe kwanza na tagi ndogo iitwayo Helmuth, na askari wakateremshwa Raskazone, katika vichaka na mikoko, usiku wa kuamkia tarehe 3. Mabomu hayakuwapo. Muda uliopotea ulimtosha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuwaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi, na tarehe 5 Waingereza walikuwa wameshindwa na jeshi la watu wapatao 1,000 tu, wakaacha nyuma bunduki, risasi na wafu wao. Vitabu vingi hupenda kueleza habari ya nyuki waliowashambulia askari siku ile, lakini mwanzo wa maafa ulikuwa katika maji: jeshi kubwa lilifika kwenye mlango mwembamba bila mtu wa kuaminika wa kuliambia kilichomo ndani yake.

Msafiri anayeondoka mjini kwa barabara ya Pangani hufika Tongoni baada ya kilomita zisizozidi 20. Hapo, katika mji wa kale uliojulikana kama Mtang'ata, yapo magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na minara, na mbele yake ipo bahari yenye mafungu mengi. Katika mafungu hayo, alfajiri ya tarehe 6 Aprili 1498, ilikwama São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, ambayo ilikuwa ikielekea Mombasa bila rubani anayeijua njia ile vizuri. Mabaharia walitupa nanga na kungoja, wenyeji wakawafikia kwa vyombo vyao wakiwa na machungwa ambayo Wareno waliyasifu kuliko ya kwao, na maji yalipojaa meli ikaelea tena. Huko Malindi ndiko Wareno walikopata rubani wa kuwavusha hadi India. Imezoeleka kumtaja kuwa ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Oman, ingawa wanahistoria wengi hawakubali tena dai hilo. Waliporudi mwezi Januari 1499, wengi wao wakiwa wamekufa kwa maradhi, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zote, na São Rafael ikachomwa moto katika pwani ile ile iliyokuwa imeinusuru.

Pangani hutoa mfano wa mlango ambao haukufunguliwa. Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, huingia baharini kati ya mji wa Pangani na kilima cha Bweni, ukiwa mpana na wenye kina cha kutosha, na anayeutazama kutoka kwenye kivuko huona bandari ya asili isiyo na kasoro. Kasoro iko mdomoni. Pale ambapo mkondo wa mto hukutana na mawimbi ya bahari, mchanga ulioletwa na maji hutua na kujenga kizingiti, yaani tuta la mchanga lililozama linalokatiza mlango, ambalo majahazi na mashua huweza kulivuka maji yakiwa yamejaa lakini meli kubwa haziwezi. Katika karne ya 19 jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa biashara ilibebwa na majahazi, na Pangani ulikuwa mwanzo wa njia muhimu ya misafara ya kuelekea Kilimanjaro. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1857, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapo Desemba 1889.

Meli za injini zilipochukua nafasi ya majahazi, kizingiti kikawa hukumu. Reli ya Usambara ilianza kujengwa mwaka 1893 ikitokea Tanga, ambako meli zingeweza walau kutia nanga ndani ya ghuba na kujikinga na mawimbi, na biashara ikahama kwa sababu ya tuta la mchanga. Hata mkonge, zao lililoipa Tanga jina duniani, ulianzia jirani na Pangani: miche 62 iliyosalia kati ya ile iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, upande wa pili wa mto, lakini utajiri wa nyuzi zake ulikwenda kupakiwa Tanga. Leo mto huo ni wa kivuko, mashua za dagaa na mitumbwi ya wakulima wa minazi, na daraja la barabara ya Tanga hadi Bagamoyo limepangwa kuuvuka karibu na mdomo wake. Pangani ni mzuri kuutazama, na uzuri wake una uchungu ndani yake, kwa maana mji huo ulikuwa na kila kitu isipokuwa mita chache za maji mahali pamoja.

Kaskazini ya Tanga pwani hukatikakatika katika ghuba ndogo zenye mikoko, na katika mojawapo, ghuba ya Manza, lilitokea mwaka 1915 tukio ambalo ni la peke yake katika historia ya meli za mizigo hapa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji tangu mwaka uliotangulia, ikiwa haina makaa ya mawe ya kutosha. Serikali ya Ujerumani ikatuma meli ya mizigo Rubens, iliyobadilishwa sura na kupewa jina la Kronborg ili ionekane kuwa ya Denmark, ikiwa na makaa ya mawe, bunduki na risasi nyingi. Nahodha wake, Carl Christiansen, alifika pwani hii mwezi Aprili, akakutana na manowari ya Waingereza HMS Hyacinth, na akaamua kuikimbizia meli yake ndani ya Manza, mahali ambapo maji yalikuwa haba kiasi kwamba angeweza kuizamisha bila kuipoteza. Alifungulia maji ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini ya kuwekea shehena, akawasha moto juu ya sitaha, na Waingereza waliposhindwa kuuzima moto ule wakaondoka wakiamini kwamba meli imekwisha. Chini ya maji shehena ilikuwa salama. Wajerumani na wafanyakazi wa Kiafrika waliiopoa, wakazifungua risasi zilizolowa, wakazikausha na kuzifunga tena, na silaha hizo zikarefusha vita ambavyo wapagazi wa nchi hii walivilipia kwa maelfu ya maisha yao. Königsberg yenyewe iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915 na Severn na Mersey, vyombo vya kivita vilivyoundwa kwa ajili ya mito, ambavyo kina chao kidogo cha uzamaji kiliviwezesha kuingia mahali ambapo manowari kubwa hazingethubutu.

Safari inaishia Chongoleani, ambako sura mpya ya suala hili inajengwa. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki liliwekwa hapo tarehe 5 Agosti 2017 na Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni. Bomba lenyewe lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, kati ya hizo 1,147 zikiwa ndani ya Tanzania, na hupashwa moto njiani kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta inayoyafanya yagande katika joto la kawaida. Mwisho wake yapo matangi ya kuhifadhia mapipa milioni 2, na gati refu lililotandazwa baharini kufuata kina cha maji. Busara ya kukifuata kina badala ya kukichimba haihitaji kusifiwa sana, ila ifahamike kwamba meli za mafuta zitatumia mdomo ule ule wa ghuba unaotumiwa na meli za mbolea, za makontena na za magari, pamoja na mamia ya ngalawa na mashua.

Na maji yenyewe si matupu. Kutoka Tanga kwenda kusini ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wa jarife, wavu mkubwa wa kutega, kuanza mwaka 2003 kunasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mpango wa kujenga bandari ya maji marefu huko Mwambani, ndani ya eneo hilo, ulipingwa na wahifadhi, na hatimaye fedha zikaelekezwa katika kuichimba bandari ya zamani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini matope ya uchimbaji nayo hufunika matumbawe, na njia iliyochimbwa haibaki ilivyo: Zigi na Mkulumuzi huleta udongo kila msimu wa mvua, na udongo unaokwanguliwa na kilimo cha milimani huishia chini ya mikuku ya meli. Bandari inayotaka mita 13 italazimika kuzinunua upya mara kwa mara, au kushughulikia misitu ya Usambara kama sehemu ya miundombinu yake.

Jambo la haraka zaidi linawahusu wavuvi. Anayevua usiku kwa taa ndani ya ghuba, kama walivyovua baba na babu zake, sasa anashiriki ukanda wa mita 73 na meli ambayo haiwezi kumkwepa, na ambayo rubani wake, kutoka juu ya daraja la kuongozea, haoni maji yaliyo karibu na omo yake. Ratiba ya meli zinazoingia na kutoka inajulikana ofisini siku nzima kabla, kwa kuwa imepangwa kwa kufuata maji. Inapaswa kubandikwa kila jioni katika madiko, yaani mahali wavuvi wanapoteremshia samaki, ya Deep Sea, Sahare na Chongoleani, kwa Kiswahili na kwa saa za Kiswahili, na vikundi vya usimamizi wa fukwe vipewe redio za kuwasiliana na mnara wa bandari.